Menyu Zilizoganda

Guk Jongpil alimpiga mkewe kwa mwiko wa wali saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu supu ilikuwa ya jana, kisha akainywa hiyo hiyo supu ya jana mpaka akaramba bakuli, akaenda zake kazini. Ndivyo alivyokuwa. Alipiga kwanza, akala baadaye, na tumbo lake halikujua aibu. Mwiko ulimpata Seoun juu ya sikio la kushoto, na mpaka adhuhuri sikio hilo lilikuwa bado linavuma.

"Umemjibu tena," alisema mkwewe kutoka chumba cha ndani, Seoun alipompelekea uji. Bibi huyo, Ma Gapsun, alikuwa na miaka themanini na moja, na tangu baridi ya mwaka juzi miguu yake haikumbeba. "Mara ngapi nimekwambia? Mwanaume akisema supu ni ya jana, wewe sema ndiyo, ni ya jana. Unapungukiwa nini?"

"Nilisema ndiyo, Mama."

"Basi ulisema kwa sauti mbaya. Na kesho wifi zako wanakuja kwenye tambiko la baba yao. Utawapokea na sikio jekundu hivyo?"

Seoun alimwekea kijiko mkononi. Siku hiyo alikuwa na jambo moja tu kichwani, na jambo hilo lilikuwa na mwisho wake: saa kumi na moja jioni. Manispaa ilikuwa imetenga nyumba kumi na nane za kupanga kwa wanawake waliothibitishwa na kituo cha ushauri kwamba hawawezi tena kukaa na waume zao. Barua ya kituo ilimfikia jana, imechelewa wiki nzima. Maombi yalipokelewa kwa mtandao tu, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Akikosa leo, hakuna aliyejua nyumba nyingine zingetengwa lini. Miaka ishirini na sita ya ndoa alikuwa amejiambia atavumilia mpaka binti yao, Eunjo, aolewe. Eunjo aliolewa masika yaliyopita. Baada ya arusi, Jongpil alimvunja mkewe jino moja kwa sababu alilia ukumbini.

Mtu atauliza, kwa nini asiende kwenye kituo cha kompyuta cha mtaani? Kwanza, bibi hawezi kuachwa peke yake zaidi ya nusu saa. Pili, cheti chake cha mtandao, ile sahihi ya kielektroniki ambayo Mkorea bila hiyo hawezi kuomba chochote katika ofisi yoyote, kilikaa ndani ya mashine ya nyumbani, na yeye hakujua namna ya kukitoa humo. Alijifunza kompyuta majuma sita kwenye ukumbi wa mtaa, pamoja na wazee wenzake. Alijua kuwasha, kuzima, kuandika kwa vidole viwili, na kubofya Ndiyo.

Na hiyo Ndiyo ndiyo iliyomponza.

Saa nane mchana, bibi aliposinzia, Seoun aliketi sebuleni mbele ya kompyuta kubwa ya mumewe. Akafungua ukurasa wa ofisi ya nyumba. Ukurasa ukamwambia hauwezi kufunguka mpaka aweke programu ya kuzuia virusi. Hilo halikumshangaza. Benki ilidai hivyo, ofisi ya kodi ilidai hivyo, hata shule ya Eunjo ilidai hivyo enzi zake. Kila mlango una programu yake, na kila programu inauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma. Mwalimu wa ukumbini mwenyewe aliwafundisha: "Akina mama, mkiona dirisha linauliza, bofyeni Ndiyo tu, msije mkalala hapo." Seoun akabofya Ndiyo mara tisa.

Programu ikaingia. Dirisha lake la kijani likajitandaza katikati ya skrini, na juu yake mstari wa menyu: Kagua, Mipangilio, Ruhusu, Msaada. Chini yake maneno mekundu: *Ulinzi haujaanza. Tafadhali bofya Kagua.*

Akabofya Kagua. Kimya. Akabofya tena. Akabofya Mipangilio, akabofya Ruhusu, akabofya Msaada. Mshale ulipita juu ya menyu kama unapita juu ya picha ukutani. Alijaribu kulifunga dirisha, halikufungika. Akazima mashine, akaiwasha, ikachukua dakika sita kuamka kwa sababu ilikuwa imejaa michezo ya karata ya Jongpil, na dirisha la kijani likarudi vilevile, na menyu zilezile, zimeganda. Ukurasa wa ofisi ya nyumba nao ukasema vilevile: weka kwanza ulinzi.

Ilipofika saa tisa na robo, kiganja cha Seoun kilikuwa kimelowanisha kipanya kwa jasho. Akaigeuza barua ya kituo, nyuma yake akakuta namba ya msaada wa maombi ya mtandao, akapiga.

*

"Simu hii itarekodiwa," ilisema sauti laini ya mtoto. "Mhudumu atakayepokea simu yako ni mama yangu mpenzi. Tafadhali zungumza naye kwa upole."

Seoun aliisikiliza sauti hiyo ikirudiwa mara kumi na moja wakati akingoja zamu. Mara ya nne alianza kulia, akajikasirikia, akajifuta kwa aproni.

"Asante kwa kungoja, mteja mheshimiwa. Mimi ni mhudumu Noh Harim. Nikusaidie nini?"

"Binti yangu, samahani kwa kukusumbua. Nimeweka hiyo programu yenu. Imekaa. Lakini nikiibofya hainisikii."

"Menyu zote hazijibu, mama?"

"Zote. Hata ile ya Msaada. Sasa msaada usiosikia ni msaada gani?"

Upande wa pili Harim akacheka kidogo, kisha akajirudi kwa sababu simu inarekodiwa. "Tujaribu polepole. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya ile alama ya ngao, chini kabisa pembeni."

"Nimebofya. Hakuna kitu."

"Umezima na kuwasha?"

"Mara mbili. Binti, mimi nina mpaka saa kumi na moja. Ni ombi la nyumba."

Harim akavuta kiti karibu na meza. Tangu asubuhi alikuwa amepokea wanawake saba wenye ombi hilohilo, na wote walinong'ona.

"Sawa, mama. Nitaingia mwenyewe kwenye mashine yako kutoka huku. Nitakusomea tarakimu sita, uziandike. Ukimaliza utaona mshale unatembea wenyewe. Usiogope, ni mimi."

Seoun akaandika tarakimu moja moja, akizisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Mshale ukatikisika, ukaanza kwenda. Ulifungua orodha ambayo Seoun hakuwahi kuiona, ukapanda, ukashuka, ukasimama.

"Nimeona ugonjwa," alisema Harim. "Mama, humu ndani kuna programu nyingine ya kuzuia virusi. Ya zamani. Iliingia pamoja na mchezo wa karata."

"Mbili si bora kuliko moja?"

"Zingekuwa kufuli, ndiyo. Hizi ni walinzi, mama. Umeweka walinzi wawili kwenye mlango mmoja, na kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mwizi. Ya zamani imeishika mpya mikono, ndiyo maana ukiibofya haijibu."

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na Seoun alilijua hilo bila kufundishwa na kompyuta. "Basi itoe hiyo ya zamani," alisema.

Mshale ukaenda kuitoa. Dirisha dogo la kijivu likaruka: *Andika neno la siri la mwenye programu. Umebakiwa na majaribio matatu.*

"Nani aliiweka, mama?"

"Mume wangu."

"Unaweza kumpigia umuulize?"

"Huyo hapana," alisema Seoun. Harim akaelewa, na hakurudia swali hilo. Walijaribu tarehe ya kuzaliwa ya Jongpil. Ikakataa. Seoun akajaribu tarehe ya Eunjo, huku akijua moyoni kwamba anapoteza jaribio. Ikakataa. Akafumba macho. Mumewe aliendesha lori la kuchanganya zege, na lori hilo alilipenda kuliko mtu yeyote aliyekula meza moja naye. Jumapili alilisugua kwa shampuu. Seoun akaandika namba nne za bamba la lori.

Programu ya zamani ikasema kwaheri na kuanza kujifuta. Ilisema itachukua dakika kumi na nane.

Hapo ndipo alipoisikia mvua. Ilianza juu ya bati la kibanda cha mitungi ya kimchi, kabichi ya kuchachusha, nje ya dirisha, tone moja moja, kisha ikamwagika kwa wingi. Seoun akasimama, akaenda kuitazama. Wanawake wa mji ule wakiona mvua hufikiria nguo kwenye kamba. Yeye alifikiria zege. Zege halimwagwi kwenye mvua. Eneo la ujenzi likifungwa, madereva hurudi nyumbani, na Jongpil akirudi mapema alirudi na hasira ya siku nzima ambayo hakupata pa kuimalizia.

"Binti," alisema kwenye simu, "haiwezi kwenda haraka?"

"Haiwezi, mama. Kuna nini?"

"Mvua inanyesha."

Harim hakuelewa mvua inahusikaje, lakini aliisikia sauti ile, akaiweka mikono yake yote miwili kwenye kibodi.

*

Ilipofika saa kumi na dakika tano mashine iliwaka upya. Dirisha la kijani likarudi. Seoun akabofya Kagua, na menyu ikafunguka chini ya kidole chake kwa upesi uliomshtua.

"Inasikia," alisema. "Binti, inasikia."

"Nimeiona, mama. Sasa tukimbie."

Ukurasa wa ofisi ya nyumba ukafunguka. Walijaza pamoja: Seoun akisema, Harim akiandika, kwa kuwa vidole viwili vya Seoun vingechukua mpaka kesho. Jina: Pyo Seoun. Umri: hamsini na moja. Idadi ya watakaokaa: mmoja. Namba ya barua ya kituo. Sababu ya kuomba. Hapo Seoun alisita.

"Niandike nini, mama?"

"Andika ananipiga."

"Kuna nafasi ya kueleza zaidi."

"Hayo yanatosha."

Mlango wa nje ukalia. Zile kufuli za tarakimu hulia mara moja kwa kila namba, na Seoun alizihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Alipata muda wa kutumbukiza simu mfukoni mwa aproni bila kuikata, basi. Kuzima skrini hakuwahi. Jongpil aliingia akichuruzika maji, viatu vya tope mkononi.

"Mchana wote huu umekaa kwenye mashine yangu?"

"Nilikuwa naangalia namna ya kupanga vyakula vya tambiko."

Angeweza kuamini. Mara nyingi aliamini, kwa sababu hakumdhani mkewe ana akili ya kumdanganya. Lakini Harim, huko mbali, alikuwa hajasikia mlango, na mshale uliendelea kutembea. Ulishuka peke yake, ukaweka alama kwenye kisanduku, ukashuka tena. Mikono ya Seoun ilikuwa mapajani mwake. Jongpil aliitazama ile mikono, akautazama mshale.

"Nani anaendesha?"

Mshale ukasimama.

Jongpil akasogea, akainama mbele ya skrini, akasoma taratibu, midomo ikitembea. Alisoma jina la mkewe. Alisoma idadi ya watakaokaa. Alifika kwenye sababu ya kuomba, na akaisoma kwa sauti. "Ananipiga." Akageuka. "Umeandika hivi kwa nani? Serikali? Nani mwingine anasoma haya?"

"Baba Eunjo, ngoja nikueleze."

Kiatu cha tope kilimpata mdomoni kabla sentensi haijaisha. Alianguka pamoja na kiti. Jongpil hakuwa mtu wa kupiga ovyo. Alipiga kama fundi, akichagua mahali. Alimpiga teke la nyonga, akamzungusha kwa nywele, akamkanyaga mkono wa kulia, ule ulioshika kipanya, na Seoun akasikia mfupa wa kidole ukivunjika kabla ya kusikia maumivu yake. Hakupiga kelele. Alikuwa amejifunza miaka mingi kwamba kelele humwongezea nguvu.

"Nilikulisha miaka ishirini na sita," alisema Jongpil, akihema. "Unanianika kwa watu. Mimi nakupiga? Hii ndiyo kupigwa. Yale mengine yote ulikuwa unafundishwa."

"Jongpil." Ilikuwa sauti ya bibi kutoka chumba cha ndani, kavu, isiyo na haraka. "Jongpil, usimpige usoni. Kesho dada zako wanakuja."

Mwanawe akamtii. Alihamia mbavuni.

Alipochoka, na alichoka upesi siku hizi, aliitazama skrini ambapo fomu ilikuwa bado imesimama na sababu yake ya neno moja. Akaibeba kwa mikono miwili, akaing'oa na waya wake, akaiinua juu ya kichwa na kuibamiza sakafuni karibu na kichwa cha mkewe. Kioo kikaruka mpaka jikoni. "Haya," akasema, "omba nyumba sasa." Akaipiga teke mara mbili zaidi, akiwa ametosheka kama mtu aliyeua nyoka, akavua shati lililolowa na kulitupia kwenye kiti. "Nikitoka kuoga nikute pamefagiwa."

Mlango wa bafu ukafungwa. Maji yakaanza kumwagika.

*

"Mama," ilisema aproni. "Mama, unanisikia? Mama, sema kitu."

Seoun aliivuta simu kwa mkono wa kushoto. Mdomo ulikuwa umejaa damu, akaitema kwenye shati la mumewe.

"Nasikia."

"Nimesikia yote." Harim alikuwa analia na alikuwa ameacha kujali nani anarekodi. "Ni mimi niliyesogeza mshale. Sikujua. Mama, napiga polisi sasa hivi. Nipe anwani yako."

"Polisi wamekuja hapa mara tatu," alisema Seoun. "Mara ya mwisho walikunywa chai, wakaniambia nimpikie vizuri. Saa ngapi?"

"Mama, unavuja damu, nasikia unavyopumua."

"Nimekuuliza saa."

"Kumi na moja kasoro dakika kumi na tatu."

Seoun alilala chali akitazama dari. Dakika kumi na tatu, na skrini imekuwa vipande. Basi, yamekwisha, alifikiri.

"Amevunja mashine," alisema. "Asante kwa kazi yako, binti."

"Hajavunja mashine," alisema Harim. "Mama, mimi bado naiona."

"Unaona nini?"

"Naona fomu yako. Nzima. Amevunja kioo tu, mama. Mashine yenyewe ni lile sanduku lililo chini ya meza. Liguse."

Seoun akajiburuta kwa kiwiko. Sanduku la kijivu lilikuwa pale chini, vumbi juu yake, linanguruma taratibu na taa ndogo ya bluu imewaka. Lilikuwa la moto. Mwanaume yule aliyecheza karata kwenye kompyuta kwa miaka minane hakuwahi kujiuliza kompyuta ni ipi.

"Basi bonyeza wewe," alisema Seoun. "Tuma."

"Siwezi. Nimejaribu wakati anakupiga." Harim alibofya tena, ikakataa. "Kutuma kunataka neno la siri la cheti chako, na ile programu mpya inakataa mkono wa mbali kwenye neno la siri. Inanizuia. Sasa inafanya kazi vizuri mno. Lazima uandike wewe, kwenye kibodi yako."

"Sioni chochote."

"Mimi ndiye macho. Kibodi iko wapi?"

Kibodi ilikuwa inaning'inia kwa waya pembeni mwa meza. Seoun akaivuta mpaka tumboni mwake. Kidole chake cha kulia cha kuandikia kilikuwa kimevimba na kuelekea upande usio wake. Alibakiwa na kidole kimoja, cha kushoto, ambacho siku zote alikitumia kwa herufi chache tu za upande huo. Neno lake la siri lilikuwa na herufi kumi.

"Andika," alisema Harim. "Sitaona herufi, nitaona nyota. Nitakuhesabia."

Akaandika. Bafuni maji yaliendelea. Jongpil alikuwa anasafisha koo kwa kelele kama afanyavyo kila siku.

"Nyota moja. Mbili. Tatu. Hapo umebonyeza mara mbili, mama, futa moja. Kitufe kirefu juu kulia. Sawa. Nne."

Alipofika kumi, Harim akamwambia abonyeze kitufe kikubwa cha kulia. Akabonyeza. Kimya.

"Imekataa. Neno si sahihi." Harim aliitazama saa. "Unabakiwa na dakika saba. Usiharakishe. Anza na kutafuta ile herufi yenye kinundu kidogo, chini ya kidole chako cha shahada cha kushoto. Umeiona?"

"Nimeigusa."

"Hesabu kutoka hapo."

Seoun akafumba macho, kwa kuwa macho hayakuwa na kazi tena, akaona ubao wa ukumbi wa mtaa, mwalimu akiwachorea vitufe kwa chaki, wazee wakicheka. Akahesabu kutoka kwenye kinundu. Damu ilidondoka kwenye vitufe, akaifuta kwa aproni asije akateleza. Nyota tano. Sita. Maji ya bafuni yakapungua, yakaongezeka tena. Nyota nane. Tisa.

"Kumi," alisema Harim. "Sasa kile kikubwa."

Akakibonyeza, akakishikilia chini kama anayefunika chungu kinachochemka.

Harim alingoja ukurasa ugeuke.

"Imepokelewa," alisema mwishowe. "Pyo Seoun. Ombi lako limepokelewa saa kumi na moja kasoro dakika mbili. Namba mia mbili na sita. Majina ya waliopata yatatangazwa tarehe kumi na nne ya mwezi ujao."

Mwezi ujao. Seoun alihesabu kwa sauti ndogo: siku thelathini na tatu, watu mia mbili na sita, nyumba kumi na nane.

"Mama, nakuomba anwani. Niite hata gari la wagonjwa."

"Harim," alisema Seoun, akimwita kwa jina kwa mara ya kwanza, "una mtoto?"

"Ninaye. Ile sauti ya mwanzo ni yake."

"Ana sauti nzuri. Nenda kapokee simu nyingine, wenzangu wananong'ona huko." Akaikata, akafuta namba ile kwenye orodha ya simu, akaanza kusimama kwa kushikilia mguu wa meza.

*

Alifagia kioo kwa mkono mmoja. Kisha akaingia chumba cha ndani, kwa kuwa ilikuwa saa ya kumbadilisha bibi, na saa hiyo haikujali nani amepigwa. Bibi alikuwa amegeuzia uso ukutani. Seoun akamfungua, akamfuta, akamgeuza kwa kutumia bega badala ya mkono wa kulia. Kila pumzi ilimchoma ubavuni. Kwenye paja la bibi, juu ya goti, palikuwa na alama ya zambarau iliyoanza kugeuka njano. Seoun alikuwa ameiona tangu Jumanne. Siku hiyo yeye alikwenda sokoni, Jongpil akabaki na mama yake. Hakuuliza, na bibi hakusema.

"Imepokelewa?" aliuliza bibi, bado anatazama ukuta.

Seoun akasimamisha mikono.

"Kilichokufa kwangu ni miguu," alisema bibi. "Masikio ni mazima. Imepokelewa au haijapokelewa?"

"Imepokelewa, Mama."

"Ina vyumba vingapi?"

"Kimoja."

Bafuni maji yakazimwa, na wakamsikia Jongpil akitafuta taulo, akilitukana taulo. Seoun akamfunga bibi nguo safi, akamvuta blanketi mpaka kifuani.

"Ukiondoka," alisema bibi, "humu ndani atapigwa nani?"

Jibu rahisi lilikuwepo. Angeweza kusema bado haijulikani kama atapata, wako mia mbili na sita, Mama, usijitie hofu. Alimtazama yule mwanamke aliyemfundisha siku ya kwanza ya ndoa mahali pa kuficha visu, na ambaye dakika arobaini zilizopita alimwelekeza mwanawe mahali pa kupiga. Hakuona sababu ya kumdanganya.

"Wewe, Mama."

Bibi akageuza uso kutoka ukutani. Macho yake yalikuwa makavu. Alimtazama Seoun mdomo uliopasuka, akakitazama kidole, akatingisha kichwa kukubali, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia.

"Basi kuanzia leo nilishe vizuri," alisema. "Tuna siku thelathini na tatu. Nipate nyama kidogo mwilini."

Seoun akaenda jikoni. Akawasha jiko kwa mkono wa kushoto, akamtilia mkwewe mayai mawili kwenye uji.